Msimu wa Pili Uko Kampala

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulifanya jambo ambalo wakubwa wetu wengine hapa Koboko wameliita uvivu. Tulishona pamoja shuka mbili nyeupe, tukazitundika ukutani, tukakodi projekta na jenereta ndogo, tukanunua petroli lita sita, halafu tukatazama televisheni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka usiku. Na si televisheni yoyote. Tulichagua vichekesho na tamthilia za sayansi ya kubuni zilizoishi muda mfupi: sehemu sita, kumi na tano, kumi na tatu, bas, zikaisha. Nyingine zilikatwa na wenye vituo kabla hata hadithi haijafika katikati.

Wazo hilo lilitoka kwa dada mmoja wa kikundi chetu. Mwaka 2016 alikuwa na miaka kumi na moja, anakaa Yei, upande wa Sudan Kusini. Kulikuwa na kibanda cha vidio karibu na kwao, na mwenye kibanda alikuwa akionyesha tamthilia ya Wamarekani iitwayo Terra Nova, ile ya dinosaria, sehemu moja au mbili kwa jioni. Dada yetu alifika mpaka sehemu ya kumi na tatu, na pale hadithi ikaachwa inaning'inia. Watoto wakamuuliza mwenye kibanda, "Mzee, inayofuata iko wapi?" Akawajibu, "Msimu wa pili uko Kampala. Unakuja." Wakauliza wiki iliyofuata, jibu lile lile. Kisha vita vikafika Yei, watu wakaanza kuvuka mpaka, na yeye na mama yake wakapita Kaya, wakapita Oraba, wakaingia Uganda.

Anasema alipofika huku, katikati ya foleni za kuandikishwa na shida nyingine zote, kulikuwa na kitu kimoja kidogo cha kumfurahisha: sasa yuko nchi moja na Kampala. Msimu wa pili hauko mbali.

Tulicheka sana alipotusimulia. Halafu kijana mmoja akatoa simu, akatafuta, akanyamaza. Kumbe tamthilia hiyo ilikatwa na kituo cha Fox mwezi wa Machi 2012. Miaka minne kabla dada yetu hajaiona, ilikuwa imeshakufa. Hakuna msimu wa pili. Hakukuwapo Kampala wala mahali popote duniani. Dada yetu hakucheka. Alisema tu, "Sasa mzee yule alikuwa anatudanganya, au na yeye alikuwa hajui?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tutumie pesa ya petroli. Tulitaka kujua historia ya vitu hivi: vinakatwa vipi, na vinatufikiaje sisi huku vikiwa vimeshakufa kwao.

Kwanza lazima tuseme televisheni ilifikaje upande huu. Uganda Television ilianza mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Picha za rangi zikaja mwaka 1975, Amin alipoalika wakuu wa nchi za Afrika kwenye mkutano wa OAU huko Kampala. Zanzibar iliwahi kuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania bara ikangoja mpaka 1994 ndipo ikapata kituo chake cha kwanza. Sisi ambao wazazi wetu wanatoka upande wa Kongo tunajua habari nyingine: enzi za Mobutu, taarifa ya habari ya Zaire ilifunguliwa kwa uso wa rais ukishuka taratibu kutoka mawinguni. Hiyo ndiyo sayansi ya kubuni waliyoiona wazee wetu, na haikukatwa mapema hata kidogo.

Lakini huku West Nile kuwa na kituo katika mji mkuu hakukumaanisha kuwa na picha nyumbani. Umeme wa gridi ya taifa ulichelewa sana kutufikia, miaka mingi baada ya kusini. Tena baada ya 1979, Amin alipopinduliwa, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Zaire na Sudan, na kurudi kwao kulichukua miaka. Mzee aliyetukodisha jenereta ni mmoja wao. Alitwambia yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi upande ule ule tuliotoka sisi, na akatupunguzia bei. Kwa hiyo televisheni ya watu wa huku, kwa sehemu kubwa, haikuwa ile ya antena. Ilikuwa kibanda: jenereta, deki ya vidio, mabenchi ya mbao, mabati, giza na joto. Kanda za VHS zikaja kwanza, halafu diski za VCD na DVD, halafu flashi na memori kadi unazojaziwa kwenye "laibrari" ya filamu dukani. Anayeijua Uganda anajua kwamba laibrari ya namna hiyo haina kitabu hata kimoja. Na ndiyo, karibu zote hizo ni nakala zisizo na ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ni ya mwaka 2006, na hatutajifanya kwamba hatuijui. Ila tukiandika historia ya utazamaji wetu tukaacha nakala za wizi, hatutakuwa na historia ya kuandika.

Ndani ya kibanda kuna mtu mmoja muhimu kuliko mwigizaji: msimulizi. Uganda anaitwa VJ. Kazi hiyo ilianza Kampala miaka ya 1980, mtu akikaa na kipaza sauti mbele ya skrini, akitafsiri kwa Kiganda huku akiongeza vya kwake. Leo VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana nchi nzima. Tanzania alikuwapo Lufufu, aliyesimulia kwa Kiswahili, na Kenya yupo DJ Afro. Wajapani nao walikuwa na wasimulizi wao, benshi, enzi za filamu bubu, kwa hiyo asitwambie mtu kwamba huu ni ushamba wa Afrika. Kikundi chetu pia kina kaka mmoja anayesimulia, kwa Kiswahili, na akichoka anaingiza Kikakwa na Kiarabu cha Juba. Siku ile alianza na sauti nzima akamaliza amekauka koo.

Asubuhi ilikuwa ya vichekesho kwa sababu tulijua watoto watakuja. Walikuja, zaidi ya tulivyotarajia, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni.

Tulianza na Mr. Bean. Hapa wengi walibisha: Mr. Bean si wa muda mfupi, yupo siku zote! Kila basi la usiku, kila kibanda, kila hoteli yenye televisheni. Tukawaambia wahesabu. Tamthilia yenyewe ya Rowan Atkinson, ile ya watu halisi, ina sehemu 15 tu. Ya kwanza ilionyeshwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na mwaka 1995 ilikuwa imekwisha. Baadaye kukawa na filamu na katuni, ndiyo maana tunadhani ni nyingi. Hii haikukatwa na mtu, wenyewe waliona inatosha. Ukiwa na diski moja nzuri unaweza kutazama Mr. Bean yote kati ya asubuhi na jioni, nasi tumekuwa tukiitazama tangu tunazaliwa hatujaimaliza, maana ukifika mwisho unarudia.

Jambo tuliloliona siku ile, ambalo hatukuwahi kulifikiria, ni kwamba Bean karibu haongei. Hilo ndilo lililomvusha mipaka. Lakini kaka yetu msimulizi hawezi kukaa kimya, ni kazi yake, kwa hiyo alimpa Bean maneno. Kwenye mtihani, Bean akimchungulia jirani yake, kaka akasema kwa sauti ya Bean: "Ndugu yangu, nisaidie, mimi nilitoka Kongo nikiwa darasa la sita, huku wamenirudisha la tatu kwa sababu ya Kiingereza." Kibanda kizima kililipuka. Watoto wadogo walicheka kwa sababu ya uso wa Bean. Sisi wengine tulicheka kwa sababu ni kweli, na wawili kati yetu yamewapata.

Kichekesho cha pili hakikwenda vizuri. Police Squad! ilionyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi Machi 1982. Sehemu sita zilitengenezwa, nne zikaonyeshwa, ikaondolewa, mbili zilizobaki zikatolewa Julai wakati watu hawatazami sana. Sababu aliyoitoa mkuu wa burudani wa ABC imebaki maarufu: eti kipindi kile kilimlazimu mtazamaji akitazame, la sivyo hapati utani. Yaani kosa la televisheni ilikuwa kutaka kutazamwa. Na ni kweli, utani umefichwa nyuma ya picha. Mwishoni mwa kila sehemu picha inajifanya imeganda, kumbe ni waigizaji wamesimama tu bila kutikisika, na kahawa inaendelea kumwagika. Mwigizaji mgeni anatangazwa kwa heshima, halafu anauawa hapo hapo kabla hadithi haijaanza. Sisi wakubwa tulifurahi. Watoto walianza kutoka mmoja mmoja. Msimulizi alikwama, kwa sababu utani mwingi ni wa maneno ya Kiingereza yenye maana mbili, na ukishaueleza umeshaua. Lakini kufa kwake hakukuwa mwisho: mwaka 1988 watengenezaji wale wale walimchukua mwigizaji wao Leslie Nielsen wakafanya filamu, The Naked Gun, ikapata pesa nyingi na kuzaa nyingine mbili. Filamu hizo tulikuwa tumeziona wengi wetu bila kujua zina mama aliyekufa akiwa na sehemu sita.

Mchana, wakati wa kula maharage, mfanyakazi mmoja wa shirika aliyekuja kututembelea alituuliza kwa upole malengo ya shughuli ni nini. Hatukuwa na jibu zuri. Tulimpa sahani. Lakini swali lake lilitukumbusha habari ambayo wasomaji wetu wa mashirika huenda wakaipenda.

Miaka ya 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulikuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Uliungwa mkono na baraza la wamisionari la kimataifa, na pesa ilitoka shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza filamu kama 35 kwa ajili ya Waafrika: habari za minyoo, kilimo, benki ya posta, pamoja na hadithi na vichekesho kidogo ili watu wasichoke. Walizipakia kwenye lori pamoja na jenereta na skrini, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwamo. Lori, jenereta, shuka jeupe, sauti ya kutafsiri. Ni kibanda chetu kabisa, isipokuwa kwamba waliochagua cha kuonyesha hawakuwa watazamaji. Pesa ikaisha mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikutaka kuendelea kulipia, mradi ukafungwa. Filamu zinazojulikana kubaki ni chache sana. Mgeni wetu alicheka akasema, "Miaka miwili na nusu? Huo ulikuwa mradi mrefu." Alikula sahani ya pili.

Saa nane tukaingia sayansi ya kubuni, na watu wakawa wengi mpaka mlangoni.

Firefly ni ya Fox pia, mwaka 2002. Zilitengenezwa sehemu 14, wakaonyesha 11, tena bila mpangilio: ile ya kwanza, inayowatambulisha watu wote, waliiweka mwishoni kabisa, Desemba, wakati tamthilia imeshahukumiwa. Fikiria mtu anakusimulia safari yake akianzia katikati, halafu siku ya kuondoka ndipo anakuambia jina lake. Hadithi ni ya nahodha aliyepigana upande ulioshindwa katika vita vya kujitenga. Sasa ana chombo chakavu cha angani, anazunguka sayari za mipakani na watu wake, wanafanya kazi yoyote inayopatikana, halali na isiyo halali, wanawakwepa askari wa serikali iliyoshinda. Hapa hatukuhitaji msimulizi atuelezee. Mtu yeyote anayekaa Koboko, ambako Kongo iko upande huu na Sudan Kusini upande ule, anawajua watu hao. Wanapita na pikipiki badala ya chombo cha angani. Diski za DVD zilipotoka Desemba 2003 zilinunuliwa sana, mpaka mwaka 2005 ikatengenezwa filamu, Serenity, ya kufunga hadithi. Huko, watazamaji walioachwa njiani walikuwa na pesa ya kununua, wakasikika.

Tulidanganya kidogo hapo katikati, tukaweka kitu ambacho hakikuwa cha televisheni. Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, mwaka 2009, ina dakika 21 tu. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji, na nje hakuna kinachoota. Watu wanaishi ndani, wanapimiwa maji, wanakusanya jasho na mkojo wao wenyewe kuyasafisha wayanywe. Maneno ni machache sana. Kaka yetu alishika kipaza sauti, akakiweka chini. Kulikuwa na mama pembeni aliyekuja kumtafuta mtoto wake, akasimama na jerikeni lake tupu mpaka mwisho. Alipotoka akauliza, "Hiyo ni wapi?" Tukamwambia ni ya kubuni, mama, ni Afrika Mashariki ya baadaye. Akasema, "Baadaye?" akaenda zake bombani.

Kwa nini tulikuwa tunatafuta haya yote? Kwa sababu kadiri tulivyosoma tuliona kwamba kukatwa ofisini ni jambo moja, na kufa ni jingine. BBC ya London ilirekodi Doctor Who kuanzia 1963, halafu ikafuta kanda zake nyingi za miaka ya mwanzo ili izitumie tena, haikudhani mtu atazitaka. Sehemu zaidi ya 90 bado zimepotea. Lakini nakala zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nje, vya Afrika pia, Uganda na Kenya zikiwamo. Mwaka 2013 sehemu tisa zilizodhaniwa zimekwisha kabisa zilitangazwa kupatikana: zilikuwa kwenye kituo cha televisheni Nigeria, zimekaa na vumbi lao tangu zamani. Kwa hiyo Waingereza walipata tena kitu chao kutoka kwetu. Hapa jirani kuna mfano wa ajabu zaidi. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu yake Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa pesa ambayo Hollywood haiwezi kununulia chakula cha mchana. Kompyuta yake ilikuwa ndogo, ikambidi afute kazi iliyopita ili apate nafasi ya filamu inayofuata. Filamu asilia haipo tena. Iliyobaki, ambayo dunia nzima inaitazama mtandaoni, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania juu yake. Sauti ya msimulizi, ambayo wasomi wangeiita kelele, ndiyo iliyobeba filamu.

Kijana mmoja alipinga kwa nguvu hapo. Alisema tusijidanganye: Nigeria haikuhifadhi, ilisahau tu, na sisi hatutunzi, tunarudia kwa sababu hatuna kingine. Tuligombana naye mpaka jenereta likahitaji petroli. Wengi wetu bado tunaona ana haki nusu.

Jioni ikafika Terra Nova. Dada yetu alikaa benchi la mbele.

Kwa wasioijua: ni mwaka 2149, dunia imeharibika, hewa haivutiki bila kifaa usoni, na sheria inakataza kuzaa zaidi ya watoto wawili. Wanasayansi wamegundua ufa wa wakati unaoelekea miaka milioni 85 nyuma, na watu waliochaguliwa wanapitishwa huko kwa makundi kuanza maisha mapya. Njia ni ya kwenda tu. Familia ya Shannon ina mtoto wa tatu kinyume cha sheria. Baba alifungwa kwa ajili hiyo. Mama ni daktari, ndiye aliyechaguliwa. Baba anatoroka jela na kumpitisha mtoto wao mdogo amefichwa ndani ya begi.

Zilitengenezwa sehemu 13, huko Queensland, Australia, kwa gharama kubwa, na jina la Steven Spielberg kati ya wasimamizi. Ilianza kuonyeshwa Septemba 2011 ikaisha Desemba mwaka ule ule. Wakosoaji wa Marekani walilalamika kwamba ni ya polepole, habari za familia nyingi, dinosaria wachache. Hatuwezi kukataa, wakati mwingine inachosha kweli. Lakini wakosoaji hao hawakukaa na sisi siku ile. Begi lilipofunguliwa na mtoto akatoka, watu walipiga kelele kama goli la fainali. Kundi lilipofika ng'ambo likapokewa, likapimwa na madaktari, likaonyeshwa nyumba zake, kila mtu ukumbini alikuwa anatoa maoni. "Wamepewa nyumba zimeshajengwa! Nguzo na turubai ziko wapi?" "Huyo baba hana jina kwenye orodha, ngoja uone." Na kweli, kamanda anamuuliza baba maswali kwanza kabla ya kumkubali, na kumpa kazi ya shamba. Kuna kundi la sita, lililofika na agenda yake, likaasi likahamia msituni. Mzee mmoja wa upande wa Kongo alitikisa kichwa, akasema, "Hata huko milioni themanini, wako."

Tuliruka katikati kwa sababu ya petroli, tukaenda sehemu ya mwisho. Jeshi limevamia makazi kutoka zamani zile za baadaye (tamthilia za namna hii zinaharibu sarufi), na ili kuyaokoa, Shannon anarudi 2149 kulipua kituo cha safari. Makazi yanapona, lakini mlango umefungwa. Hakuna atakayekuja tena, hakuna atakayerudi. Na mwishoni kabisa wanaonyeshwa kitu kilichopatikana mbali, nchi mbaya ambako hajafika mtu: sanamu ya mbao ya mbele ya meli, meli ya karne ya 18. Imefikaje pale, miaka milioni 85 kabla ya meli yoyote? Picha inaisha. Majina ya waigizaji yanapanda. Bas.

Watu wakageuka kumtazama dada yetu. Yeye hakulia wala nini. Alisema alikuwa amekumbuka kila kitu sawasawa isipokuwa ile sanamu. Kwa miaka yote alidhani ni ya mnyama, kumbe ni mwanamke. Halafu akasema: "Nadhani yule mzee wa Yei alikuwa anajua. Alijua hakuna. Ila tulikuwa watoto, na barabarani kulikuwa na risasi." Kimya kidogo. Mwingine akamjibu, "Au alitaka tu mrudi na pesa kesho, dada." Akacheka, akasema inawezekana pia.

Jenereta lilikohoa mara mbili, likazimika. Lita sita zimekwisha. Tukawasha tochi za simu na kuanza kukunja shuka. Ndipo yule kijana mbishi, aliyesema hatutunzi kitu, akauliza kutoka gizani: "Lakini karne ya 18, meli kubwa ya mbao namna ile ilikuwa inabeba nini?"

Mtu akasema viungo. Mwingine akasema dhahabu.

"Watu," akasema. "Nyingi zilikuwa zinabeba watu. Wamefungwa minyororo chini. Sasa kama ile meli ilipita kwenye ufa, basi kuna watu walifika kule kabla ya kamanda, kabla ya kundi la kwanza. Na hakuna aliyewaandikisha."

Hakuna aliyeendelea kukunja. Kaka msimulizi, ambaye koo lake lilikuwa limeshakwisha, aliomba maji, akanywa, akaketi juu ya meza mahali projekta ilipokuwa. Akasema hii ni sehemu ya kwanza ya msimu wa pili. Alianza na bahari, usiku, na mwanamke chini ya sitaha anayesikia kwamba upepo umebadilika. Alisimulia bila picha yoyote karibu nusu saa, na mama mmoja aliyekuja na tochi kuchukua watoto wake akaketi naye. Alipofika mahali meli inagonga mchanga na mlango wa chini unavunjika, akanyamaza.

"Inayofuata iko wapi?" dada yetu akauliza.

"Jumamosi," akasema. "Mia tano mlangoni, na mlete petroli."